Kupima joto la mlima kwa chupa ya soda

Watu wakisema milima inapata joto wote wanaangalia barafu ya Mount Kenya, lakini mimi nakwambia angalia vidudu vya udongoni chini ya majani, na vifaa vya kuvikamata ni chupa ya lita mbili, chujio la chai, spiriti kidogo na balbu.

Kata chupa, sehemu ya mdomo igeuze ikae kama faneli ndani ya ile nyingine. Weka chujio, juu yake konzi mbili za udongo na majani yaliyooza, chini spiriti ya kufunika kitako. Sasa balbu ya kutundika juu ya udongo, hapa ndio nilichemsha: niliweka LED siku tatu sikupata hata mdudu mmoja, kumbe haitoi joto la maana. Tafuta ile ya kizamani ya waya, wati 25, isikaribie plastiki maana chupa itajikunja.

Udongo unakauka kuanzia juu so vidudu vinakimbilia chini kwenye ubaridi mpaka vinaanguka: utitiri wa kahawia, vile vyeupe vinaruka ka viroboto, jongoo wachanga. Nyungunyungu hao chimba shimo la sentimita 20 kwa 20 uhesabu na mkono.

Sample moja haisaidii. Chukua hapa Nairobi, kama mita 1,700, upande mathree hadi Limuru, na ukiwa na shangazi Kinangop, kando ya milima ya Aberdare, ndio poa zaidi, juu ya mita 2,400. Kila mita 1,000 ukipanda baridi inaongezeka kama digrii 6. Sample zote zichukuliwe wiki moja, chini ya miti, mvua ikishanyesha, na msitu wa serikali usichimbe bila ruhusa.

Cheki sana mchwa. Huku chini wamejaa, kwenye baridi wanapungua na kazi ya kuozesha majani wanaachiwa nyungunyungu na hao wadogo, polepole, ndio maana udongo wa juu ni mweusi, una kaboni nyingi na unashika maji kama sponji. Joto likipanda wapenda joto nao wanapanda, majani yanaisha haraka, kaboni inarudi hewani, blanketi la majani linakuwa jembamba na mvua inateremka tu badala ya kuzama (na maji ya bwawa la Ndakaini tunayokunywa Nairobi yanatoka huko Aberdare). Wale wa baridi wanahama juu, ila wa kileleni wahamie wapi sasa?

Ukipata mchwa wawili watatu kwa shangazi usianze kupiga kelele, andika tarehe, urudi mvua ndefu za mwaka ujao uchimbe hatua moja kando ya shimo la kwanza.