Filta ya Polaraiza: Jinsi ya Kuichagua na Kuitumia Chini ya Jua la Ikweta

Katika filta zote zinazofungwa mbele ya lenzi, polaraiza, yaani filta ya kupunguza mng'ao, ni ile ambayo kazi yake haiwezi kurudiwa baadaye kwenye kompyuta. Rangi ya anga inaweza kukolezwa na programu, na kivuli kinaweza kuangazwa, lakini matumbawe yaliyofunikwa na mng'ao wa maji hayarudi, kwa kuwa hayakuingia kwenye kamera tangu mwanzo; kitakachowekwa mahali pake kitakuwa cha kubuni. Hata hivyo wapo wengi walioinunua, wakaizungusha mara mbili tatu bila kuona tofauti yoyote, wakaamua kwamba wamepunjwa. Mara nyingi filta yenyewe haina kasoro. Tatizo ni mahali aliposimama mpiga picha kwa kulinganisha na jua.

Mwanga wa jua hutikisika pande zote, lakini unapogonga uso laini usio wa metali, kama vile maji, kioo, jani au rangi ya gari, sehemu kubwa ya mwanga unaoakisiwa hubaki ikitikisika upande mmoja. Mfaransa Étienne-Louis Malus aliligundua jambo hilo mwaka 1808, alipotazama kupitia kipande cha fuwele jua la jioni likiakisiwa na madirisha ya jumba la Luxembourg, Paris. Polaraiza hupitisha mwanga unaotikisika upande mmoja na kuuzuia ule wa upande mwingine, na ndiyo sababu imetengenezwa kwa pete mbili: moja hufungwa kwenye lenzi, na nyingine huzunguka ili mpiga picha achague ni mwanga upi uzuiwe. Metali haifuati kanuni hii. Mng'ao wa bati jipya au wa kromu utabaki vilevile hata uzungushe mpaka jioni, ilhali mng'ao juu ya rangi ya gari lilo hilo utapungua.

Kuichagua

Polaraiza ziko za aina mbili, ya mstari na ya duara, na majina hayo hayahusu umbo la kioo. Aina ya duara ina tabaka la ziada upande wa nyuma, linaloufanya mwanga uliokwisha kuchujwa usiichanganye mitambo ya kamera inayopima mwanga na kulenga. Kamera za DSLR, zile za kidijitali zenye kioo cha kuakisi ndani, zinaihitaji aina hii, kwa sababu kioo hicho huugawa mwanga. Kamera mpya zisizo na kioo hicho kwa kawaida hufanya kazi hata na aina ya mstari, lakini madukani kinachopatikana kwa wingi ni ya duara, iliyoandikwa CPL au C-PL ukingoni, na hakuna sababu ya kuhangaika kutafuta nyingine.

Kipimo cha filta ni lazima kilingane na lenzi. Tafuta alama ya Ø mbele ya lenzi au nyuma ya kifuniko chake. Namba inayoifuata, kwa mfano 52, 58, 67 au 77, ndiyo kipenyo kwa milimita. Mwenye lenzi kadhaa asinunue filta kwa kila moja. Anunue moja nzuri ya lenzi yake kubwa, kisha pete za kuunganishia kwa ajili ya zile ndogo, ambazo bei yake ni ndogo sana. Hasara ya mpango huo ni kwamba ile kinga ya jua ya lenzi ndogo haitaingia tena, hivyo mara nyingine itabidi kuutumia mkono au kofia kuikinga lenzi. Kwa lenzi pana, yaani inayoingiza eneo kubwa kwenye picha, chagua filta yenye ukingo mwembamba, la sivyo pembe za picha zitaingia giza.

Kuhusu bei, maoni yangu ni kwamba filta ya bei ya kati yenye kioo kilichopakwa dawa ya kuzuia mng'ao inatosha watu wengi, na kwamba filta rahisi kupita kiasi humpotezea mtu fedha alizotoa kwenye lenzi. Dalili za filta duni ni kuipa picha nzima rangi ya manjano au ya zambarau, pete inayokwama au inayolegea, na picha kupoteza ukali hasa kwenye lenzi ndefu za kuvuta vitu vya mbali.

Ukiwa dukani, omba kikokotoo cha mwenye duka. Kitazame kupitia filta, upande wenye nyuzi za kufungia ukiwa kwenye jicho lako, kisha zungusha. Ikiwa ni polaraiza ya kweli, kuna mahali skrini ya kikokotoo itakuwa nyeusi hata namba zisisomeke. Sasa igeuze filta, upande wa mbele uwe kwenye jicho. Kama ni ya duara, skrini haitazimika tena hivyo, pengine itabadilika rangi tu; kama inazimika pande zote mbili, umeuziwa ya mstari. Kama haizimiki upande wowote, rudisha.

Kuifunga na kuizungusha

Ondoa kwanza filta ya UV au kioo cha kulinda lenzi, kwa sababu vioo viwili vilivyopandana huongeza ukungu na giza la pembeni. Funga polaraiza bila kuikaza kwa nguvu. Kisha tazama kwenye skrini au kwenye kitundu cha kutazamia cha kamera huku ukiizungusha polepole. Kutoka hali ya nguvu kabisa hadi hali ya kutofanya kitu ni robo ya mzunguko, kwa hiyo hakuna haja ya kuizungusha mizunguko mizima. Ukiwa nyuma ya kamera, jizoeze kuizungusha upande mmoja tu, sehemu ya juu ya pete ikielekea mkono wako wa kushoto. Huo ndio upande wa kukaza. Ukizungusha kwenda kulia unaifungua, na anayepiga picha akiwa ndani ya mashua hatakiwi kuelezwa mwisho wake.

Kila unapoigeuza kamera kutoka mlalo kwenda wima, filta nayo imegeuka, na ni lazima uipange upya. Baadhi ya lenzi za zamani huzunguka sehemu ya mbele zinapolenga. Kwa hizo, lenga kwanza ndipo uzungushe filta. Kumbuka pia kwamba polaraiza hupunguza mwanga kwa stopu moja hadi mbili, yaani unaofika kwenye kamera ni kati ya nusu na robo ya mwanga wa awali. Kamera inayojipangia yenyewe italifidia hilo, lakini angalia kasi ya shata, yaani pazia linalofunguka kuingiza mwanga, isishuke ukapata picha iliyotikisika.

Anga, na faida ya kuishi karibu na ikweta

Anga la buluu huitikia filta hii, ila si pande zote kwa kiwango kimoja. Sehemu iliyo nyuzi 90 kutoka kwenye jua huitikia zaidi, na sehemu zilizo karibu na jua au mkabala nalo haziitikii karibu chochote. Ili kuipata, elekeza kidole cha shahada kwenye jua, tanua kidole gumba kiwe pembe mraba, kisha zungusha kifundo cha mkono huku kidole cha shahada kikibaki palepale. Kila mahali gumba linapopita angani ndipo filta itakapofanya kazi kwa nguvu.

Maelekezo mengi mtandaoni yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani ya Kaskazini, ambako jua la mchana hukaa upande wa kusini, na kwa miezi mingi chini sana. Kwetu jua huchomoza karibu mashariki kamili, hupita karibu na utosi, na kuzama karibu magharibi kamili, hivyo upeo wa kaskazini na wa kusini hukaa karibu nyuzi 90 kutoka kwenye jua tangu asubuhi hadi jioni. Jambo hili hutimia vizuri zaidi Machi na Septemba, jua linapokuwa juu ya ikweta. Juni na Desemba jua husogea kiasi cha nyuzi 23 na nusu na nguvu ya filta hupungua kidogo, lakini mwelekeo unabaki uleule. Mtu aliyesimama ufukwe wa Paje, Unguja, saa moja asubuhi, akaielekeza kamera baharini, anazungusha bure, maana jua liko mbele yake. Akigeuka auelekee ufukwe wenyewe kwenda kaskazini au kusini, mawingu yatajitenga na anga mara moja. Mlima Kilimanjaro nao umekaa vizuri kwa ajili hii: anayeupiga kutoka Amboseli anatazama kusini, na anayeupiga kutoka Moshi anatazama kaskazini.

Usiizungushe mpaka mwisho kila mara. Katika miinuko, ambako anga tayari ni la buluu nzito, kiwango cha juu kabisa hulifanya karibu jeusi na picha ikakosa ukweli. Lenzi iliyo pana kuliko ya milimita 24 hivi (hapa ni urefu wa fokasi, si kipenyo, na namba ndogo ndiyo pana zaidi) huingiza anga kubwa mno, ukapata doa jeusi katikati na weupe pembeni. Kasoro hiyo ni ngumu kurekebisha. Kwa sababu hiyohiyo, ondoa filta unapopiga picha nyingi za kuunganisha kuwa panorama.

Maji

Juu ya maji filta hufanya kazi kwa nguvu unapoyatazama kwa pembe ya nyuzi 37 hivi kutoka usawa wake. Mtu mzima aliyesimama ukingoni, kamera ikiwa usoni, anayatazama kwa pembe hiyo yale yaliyo umbali wa mita mbili tu kutoka miguuni. Ya mbali zaidi anayatazama kwa mlalo, na mng'ao wake hauondoki sawasawa. Panda juu ya gati, mwamba au roshani. Ukiwa mita 6 juu ya maji, eneo hilo linasogea hadi mita 8 hivi, na ndipo utakapoona mchanga, mwani na kivuli cha ngalawa chini yake. Chagua siku yenye upepo mdogo, kwa sababu kila kiwimbi kina pembe yake.

Majani, ngozi na vioo

Wengi huihifadhi filta hii kwa ajili ya anga, nami naona majani ndiyo yanayonufaika zaidi. Migomba iliyonyeshewa na mashamba ya chai ya Kericho au Mufindi huwa na utando mweupe wa mng'ao ambao jicho limeuzoea. Ukiuondoa, kijani kinatokea chenyewe bila kuongezwa rangi, hata chini ya mawingu. Kwenye maporomoko ya maji filta huondoa weupe wa mawe yaliyolowa na wakati huohuo huruhusu shata kukaa wazi zaidi, maji yakaonekana laini.

Kwenye nyuso za watu nenda taratibu. Ngozi nyeusi hupata umbo lake kwenye picha kutokana na ming'ao midogo ya paji, pua na mashavu. Ukiifuta yote, uso unakuwa bapa. Punguza mng'ao wa jasho tu.

Upigapo kupitia kioo cha dirisha la duka, simama kwa mshazari, kwa sababu ukikikabili kioo moja kwa moja filta haisaidii. Madirisha ya ndege na vioo vya pembeni vya magari huleta madoa ya rangi za upinde wa mvua, hapo ivue. Ivue pia alfajiri mbugani, ambako kasi ya shata ina thamani kuliko mng'ao. Upinde wa mvua wenyewe unaweza kutoweka au kukolea kwa kuzungusha pete kidogo tu, kwa hiyo angalia kabla ya kubonyeza.

Anayetumia simu anaweza kuishika filta yoyote ya polaraiza mbele ya lenzi, au hata miwani ya jua yenye polaraiza, akiizungusha na kuvumilia rangi yake kidogo.

Baada ya kutoka pwani, puliza mchanga kwanza ndipo upanguse kwa kitambaa laini chenye maji baridi kidogo yasiyo na chumvi, bila kuitumbukiza, kwani maji yanaweza kupenya kati ya tabaka. Usiiache juu ya dashibodi ya gari juani; joto huharibu utando wa ndani. Ikikwama kwenye lenzi, zungushia mpira wa kufungia pesa ukingoni na uifungue kwa vidole vilivyotandazwa, maana kuibana kwa nguvu huipinda pete na kuikaza zaidi.