Kusoma faili za hataza (patent) za dawa za Marekani

Ukitaka kujua dawa inalindwa mpaka lini Marekani, pakua data ya Orange Book, orodha ya dawa zilizoidhinishwa, kwenye tovuti ya FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ni bure. Ndani ya zipu mna faili tatu: bidhaa, hataza, na haki ya kuuza peke yako. Data imetenganishwa kwa alama ya ~, si mkato. Ziunganishe kwa aina ya maombi ya kibali cha dawa, namba ya maombi na namba ya bidhaa, zote zisomwe kama maandishi. Vinginevyo sifuri za mwanzo zinapotea.

Mimi macho huenda kwanza kwenye *PED mwishoni mwa namba ya hataza. Hataza yenye herufi hizo ni ile ile, ila kampuni imeongezewa miezi 6 kwa kufanya utafiti kwa watoto. Usiihesabu mara mbili. Kwenye faili ya haki ya kuuza peke yako, NCE ni miaka 5 ya kiambato kipya. ODE ni 7, ya ugonjwa adimu.

Mtego mkubwa: hataza iliyokwisha muda huondolewa kwenye Orange Book. Anayetafiti miaka ya 1990 atafute matoleo ya zamani, ambayo NBER, taasisi ya utafiti wa uchumi ya Marekani, imeyageuza kuwa data, 1985 hadi 2016. Insulini, tangu Machi 2020, iko Purple Book, orodha ya FDA ya dawa za kibayolojia.

Wanafunzi wangu wa famasia wamechoka kunisikia: hataza ya Marekani haifungi mtu Tanzania. Ya kwetu angalieni MedsPaL, hifadhidata ya hataza za dawa ya Medicines Patent Pool.