Namna ya kuingia katika kazi ya ulinzi wa malighafi ya nyuklia ukiwa Lubumbashi

Kijana wa Lubumbashi anayetamani kazi ya kulinda malighafi ya nyuklia na kuzuia silaha zake zisienee hana haja ya kuanzia Vienna, yaliko makao makuu ya Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, kwa sababu sehemu kubwa ya urani ya mpango wa Marekani uliozaa bomu la Hiroshima ilichimbwa hapa Katanga, katika mgodi wa Shinkolobwe karibu na Likasi.

Chagua kwanza mlango mmoja. Katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi unaweza kusomea fizikia, kemia, jiolojia au uhandisi wa migodi. Unaweza pia kusomea sheria au uhusiano wa kimataifa. Vyovyote utakavyochagua, jifunze na upande wa pili. Mwanasheria anapaswa kufahamu kwa nini wakaguzi wa shirika hilo huhesabu kilo 8 za plutoni, au kilo 25 za urani-235 ndani ya urani iliyorutubishwa sana (yaani iliyoongezewa kiwango cha urani-235, aina ya urani inayofaa kwa bomu), kuwa kiasi kinachoweza kutosha kwa bomu moja. Naye mhandisi asome Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, Mkataba wa Pelindaba unaoifanya Afrika eneo lisilo na silaha za nyuklia, na azimio namba 1540 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, linalotaka nchi zizuie silaha hizo zisifikie makundi yasiyo ya kiserikali.

Kisha tafuta mazoezi ya kazi mahali penye mionzi, na hapa ndipo ninaposisitiza zaidi. Mitambo mingi ya kusafisha madini huwa na kipimo kilichofungwa kwenye bomba la tope, chenye kidonge cha sizi-137, metali inayotoa mionzi, ndani ya ganda la ledi (metali nzito inayozuia mionzi). Sizi haitengenezi bomu la nyuklia, lakini ikiibwa inaweza kuua. Mwombe msimamizi wa kinga ya mionzi akuonyeshe daftari lake: namba ya kidonge, mahali kilipo, nani anashika ufunguo, na nani alihakikisha kizibo kimefungwa kabla ya mafundi kugusa bomba. Linganisha namba ya daftarini na ile iliyochongwa kwenye ganda. Kazi ya mkaguzi wa kimataifa ni hiyohiyo kwa kiwango kikubwa, na uzito wake nchi yetu inaujua: fimbo ya fueli ya urani iliyoibwa katika kituo cha utafiti wa nyuklia cha Kinshasa miaka ya 1970 ilikuja kukamatwa Italia mwaka 1998.

Kifaransa kitakufikisha kwenye mikataba yote, ila ripoti nyingi za kazi huandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo usikicheleweshe.

Ukiwa na shahada, fuatilia mafunzo ya ukaguzi ambayo Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki huwapa vijana wa nchi zinazoendelea. Wanawake wanaolenga shahada ya uzamili wana pia ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie, ulioanzishwa mwaka 2020, ambao unagusa hata fani ya kuzuia kuenea kwa silaha. Katika barua ya maombi, eleza kwa usahihi ulipima nini, kwa chombo gani, na tofauti uliyoikuta daftarini uliishughulikia vipi.