Kuchagua msimbo wa ICD-10 kwa ugonjwa wa ngozi ya mtoto mchanga

Msimbaji, yaani anayegeuza magonjwa ya kwenye faili kuwa misimbo ya ICD-10 (orodha ya kimataifa ya magonjwa), akiona neno "vipele", mkono hukimbilia sura ya L, kwa sababu ndiyo sura ya ngozi. Wengine hukosea upande wa pili: mgonjwa ana siku tano, basi kila alicho nacho kinapewa P, herufi ya hali zinazoanza karibu na kuzaliwa. Ukweli ni kwamba tatizo la ngozi kwa mtoto wa chini ya siku 28 linaweza kuangukia P, L, Q (kasoro za kuzaliwa nazo), D (kama uvimbe usio saratani), A au B (maambukizi). Kinachoamua ni chanzo cha ugonjwa, pamoja na maelezo ya "haijumuishi" yaliyoandikwa chini ya kila kundi.

Anzia kwenye faharasa ya alfabeti. Tafuta jina la ugonjwa kama daktari alivyoliandika, shuka hadi tawi la "mtoto mchanga" kama lipo, chukua msimbo, kisha ufungue kwenye orodha kuu na usome maelezo ya kundi zima na ya sura yake. Hatua hii ya mwisho ndiyo watu huiruka wakiwa na mafaili mengi, na ndipo misimbo miwili inayokatazana inapoishia kwenye dai moja la malipo.

Kundi la kwanza la kulijua ni P83, hali za ngozi zinazowahusu watoto wachanga tu. P83.1 ni erithema toksikamu, vile vipele vyekundu vyenye kichwa cheupe au cha njano ambavyo hujitokeza siku za mwanzo na kuondoka vyenyewe. P83.0 ni sklerema, ngozi na mafuta ya chini yake kukakamaa. P83.4 ni matiti ya mtoto kuvimba. (Usishangae kukuta P83.5 ni busha la kuzaliwa nalo. Kundi hili limekusanya mambo ambayo hayana mahali pengine.) Kwa wanaotumia toleo la Marekani, ICD-10-CM, P83.3 na P83.8 hazikamiliki bila tarakimu ya ziada: P83.30 au P83.39 kwa uvimbe wa maji, P83.81 kwa nyama ndogo ya kitovu iitwayo granuloma, P83.88 kwa hali nyingine zilizotajwa. Ukituma P83.8 tupu, dai linarudi.

Halafu kuna yale ambayo P83 inayaelekeza kwingine waziwazi. Upele wa nepi ni L22 hata kama mtoto ana siku tatu. Magamba ya kichwani ni L21.0. Hapa umri hauna kazi. Harara nayo inabaki L: L74.0 ikiwa nyekundu, L74.1 ikiwa ni vilengelenge vyenye maji safi. Lakini fangasi aina ya kandida kwa mtoto mchanga hapewi B37, kundi la kandida, kwa kuwa kundi hilo linamwondoa mtoto mchanga; ni P37.5. Ikiwa daktari ameandika pia upele wa nepi, L22 huongezwa.

Malengelenge na usaha ndipo penye mtego mkubwa, maana jina moja la juujuu linaweza kuficha magonjwa yaliyo mbali sana. Maambukizi ya ngozi ya bakteria kwa mtoto mchanga ni P39.4. Ngozi ikichubuka kama iliyoungua kwa sumu ya stafilokoka, ni L00, na P39.4 yenyewe inasema haijumuishi hiyo, kwa hiyo usiziweke pamoja. Herpesi ni P35.2. Kaswende ya kuzaliwa nayo iliyoonyesha dalili mapema ni A50.0, ingawa mtoto ameipata kwa mama na ungetarajia P. Ngozi inayotoka malengelenge kwa kuguswa kidogo kwa sababu ya kurithi ni Q81. Neno "malengelenge" peke yake halikupi ruhusa ya kuchagua mojawapo.

Kitovu pia kinahitaji macho. Maambukizi yake ni P38, na kuvuja damu ni P51. Lakini maambukizi yenye damu kidogo yanabaki P38. ICD-10-CM inatenganisha P38.1 yenye damu kidogo na P38.9 isiyo na damu.

Madoa ya damu chini ya ngozi ni P54.5, isipokuwa michubuko ya kichwani iliyotokana na kuzaliwa, ambayo ni P12.3. Jeraha la uso la wakati wa kuzaliwa ni P15.4. Baka jekundu la kuzaliwa nalo ni Q82.5, ila hemanjioma, uvimbe wa mishipa ya damu, ni D18.0 (D18.01 kwa ngozi katika ICD-10-CM).

Kuhusu mpangilio: katika ICD-10-CM, faili la kuzaliwa hutanguliza Z38, msimbo wa mtoto aliyezaliwa hai, mara moja tu na hospitali aliyozaliwa tu. Z38.00 ni mtoto mmoja aliyezaliwa hospitalini kwa njia ya kawaida, Z38.01 kwa upasuaji. Akihamishiwa kwingine, hospitali inayompokea haiandiki Z38. Ugonjwa ndio unaotangulia. Misimbo ya P haiwekwi kamwe kwenye faili la mama.

Si kila alama inasimbwa. Hali ihesabiwe ikiwa imehitaji uchunguzi, matibabu, vipimo, uangalizi zaidi wa wauguzi au kukaa zaidi wodini, au ikiwa itahitaji huduma baadaye. P83.1 iliyotajwa kwa kupita tu haitoshi.

Daktari akiandika "vipele" na kuishia hapo, usimtungie utambuzi kutokana na picha au dawa aliyoandika. Mwulize swali lisilomwongoza: "Vipele vilivyotajwa tarehe hii vina utambuzi gani, na chanzo chake ni kipi?" Uliza hasa kama mtoto alivipata kwa mazingira ya nje baada ya kuzaliwa. Katika ICD-10-CM, faili lisiposema, hali inayoweza kuwa imetokana na kuzaliwa au imepatikana nje huhesabiwa kuwa imetokana na kuzaliwa na hupewa P. Ikiandikwa kuwa ilipatikana nje, P haitumiki. Na siku ya 28 ikipita, P haifutiki yenyewe: hali iliyoanza ndani ya siku hizo na ingalipo huendelea kusimbwa hivyo.