Nyuzi za besi zenye sauti nene na laini: namna ya kuchagua zako

Kabla hujatoa shilingi mfukoni, chukua gitaa lako la besi uzungushe kitufe cha toni mpaka chini kabisa. Mkono unaopigia usogeze kuelekea shingoni, pale freti (vile vipande vya chuma vilivyolala shingoni) zinapoishia, upige kwa nyama ya kidole, si kwa ukucha. Kisha kata kipande cha sponji ya godoro, upana wa vidole viwili, ukipenyeze chini ya nyuzi karibu na daraja, kile chuma kinachozishika nyuzi mwilini mwa gitaa, kiziguse kidogo tu. Kama sauti utakayoisikia ndiyo uliyokuwa ukiitafuta, rudisha pesa zako mfukoni, shughuli imekwisha. Kama imekaribia lakini bado kuna ule ukali wa bati, basi ni nyuzi, na hapo tuna la kuzungumza.

Mimi hupiga besi kwenye taarab za arusi hapa Mombasa, zaidi upande wa Majengo na Mji wa Kale, na mara mojamoja bango, ule muziki wa dansi wa pwani. Katika kazi hii watu wamekuja kusikiliza maneno ya mwimbaji. Kinanda kiko juu tayari, ngoma ziko juu, na spika zilizokodiwa kwa arusi aghalabu ndizo zenye ukali kuliko sisi sote. Besi nayo ikianza kulia kwa juu inagombana na sauti ya mwimbaji. Ninachotaka mimi ni mlio wenye mwili unaotoka na kuzima mapema, kama wa lile besi kubwa la kusimama linalopigwa katika vikundi vya taarab vya Unguja. Ukiwa wewe ni mpiga besi wa kanisani na kazi yako ni kuchapa nyuzi kwa dole gumba, ushauri huu mwingi haukufai, nasema mapema tusije tukalaumiana.

Jambo la kwanza kulitazama ni umbo la waya wa nje. Kila uzi wa besi una chuma katikati, na juu yake umezungushiwa waya mwingine. Waya huo ukiwa wa mviringo unapata raundi, zile ambazo ukipitisha ukucha juu yake zinakwaruza. Hizi ndizo zilizojaa madukani, na ndizo zinazokuja na gitaa jipya. Waya ukiwa bapa, kama utepe wa chuma, unapata flati: uzi laini kama kijiti kilichopigwa msasa, vidole havikwaruzi vinapoteleza, na milio ya juu imepungua sana. Katikati yao kuna hafu raundi, ambazo huanza na waya wa mviringo kisha huparuzwa au hukandamizwa juu ziwe tambarare. Sizichukii, ila kwa kazi yangu nimeona hazijaamua ziwe nini.

Flati si uvumbuzi wa juzi. Magitaa ya besi ya miaka ya 1950 yalifungwa flati, na raundi zilikuja kushika kasi miaka ya 1960, kampuni ya nyuzi ya Rotosound ya Uingereza ikiwa mbele. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi nyingi za kampuni ya Motown kule Detroit, alitumia gitaa la besi la Fender Precision la 1962 lenye flati nene za kampuni ya La Bella na sponji chini ya kifuniko cha daraja, na alisifika kwa kutobadilisha nyuzi mpaka zikatike. Msikilize kisha uniambie kama kuna noti iliyokosekana.

Sasa kuna kosa ninalolisikia sana kwa vijana wa hapa: "Mbona raundi zangu za mwaka jana zina sauti nene vilevile?" Sauti hiyo si nene, ni mfu. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na mikono yetu inatoka jasho tangu kaskazi mpaka mvua za masika. Jasho, uchafu na kutu huingia katika mianya baina ya mizunguko ya waya, uzi ukawa mzito sehemu moja na mwepesi sehemu nyingine. Milio ya juu inakufa, kweli, lakini pamoja nayo usahihi wa noti unakwenda. Piga uzi wa E, ule mnene kuliko wote, bila kuubonyeza, imekaa sawa, panda freti ya 12, utasikia imepinda kidogo, na hata ukisogeza vipande vya daraja haikai. Kwenye arusi, mwimbaji atalisikia hilo kabla yako. Flati hazina mianya mikubwa, kwa hivyo uchafu haupati mahali pa kukaa. Zinazeeka polepole na zinabaki na mwili wake. Kwa pwani hii, sababu hiyo pekee inatosha kuzilipia bei yake, ambayo kwa kawaida ni mara mbili ya raundi au zaidi.

Kama hutaki flati kabisa, tazama madini. Chuma cha pua ndicho kikali kuliko vyote, ingawa kinastahimili kutu vizuri. Chuma kilichopakwa nikeli ndicho cha kawaida, kiko katikati. Nikeli tupu ndiyo laini zaidi kati ya raundi, na ndiyo ningeichukua kama ningekuwa napiga kwenye bendi za mahoteli ya Diani au Bamburi, ambako usiku mmoja unapigishwa rumba, rege na kila ombi la mgeni. Kuna pia nyuzi zilizofunikwa kwa utando mwembamba, kama za Elixir. Hizo hukawia kushika kutu na ukali wake umepunguzwa kidogo, ila zisikudanganye kwamba ni flati.

Unene nao watu huupa sifa kuliko haki yake. Namba zilizo kwenye pakiti ni sehemu za elfu za inchi: 45 ni kama milimita 1.14, na 105 ni kama milimita 2.67. Uzi mnene huleta uzito, ndiyo, lakini raundi nene ya chuma cha pua bado ni kali. Kinachoongezeka hasa ni mvutano, na hapo ndipo vidole na shingo ya gitaa vinapolipa. Flati haziko sawa katika hili. D'Addario Chromes za 45 hadi 100 (yaani kuanzia uzi mwembamba mpaka mnene) zimekaza, na zikiwa mpya zina ukali kidogo mpaka zipigwe wiki kadhaa. Thomastik-Infeld Jazz Flats, 43 hadi 100, ni laini mno chini ya kidole. Mpigaji wa mkono mzito ataziona zinayumba. La Bella 760FL, 43 hadi 104, ndizo ninazompa anayeanza. Zile alizokuwa nazo Jamerson ni 52 hadi 110, na ukizifunga kwenye gitaa la bei nafuu lenye shingo dhaifu utajua siku hiyohiyo.

Kuna nyuzi nyeusi pia, zenye utepe wa nailoni juu ya chuma. Rotosound 88 ni mojawapo. Hizi ndizo zinazokaribia zaidi besi la kusimama, na pikapu ya sumaku, ile inayonasa mtikisiko wa nyuzi na kuupeleka kwenye spika, inazisikia bila taabu kwa kuwa chuma kimo ndani. Usije ukazichanganya na nyuzi za nailoni tupu, ambazo pikapu hiyo haitazisikia kabisa. Tatizo lake ni ukubwa: uzi wa E hapo ni wa 115, na mfereji wa nati (kile kipande cha juu ya shingo ambamo nyuzi hupita) uliochongewa 105 hautaupokea mpaka fundi autanue kwa tupa.

Madukani mjini mara nyingi utakuta raundi tu, nami huagiza Nairobi. Kabla ya kuagiza, pima kutoka nati mpaka daraja. Besi nyingi ni inchi 34. Zile fupi ni inchi 30, na zina nyuzi zake. Kama gitaa lako hupitisha nyuzi mgongoni, zipitishe darajani, maana flati hazipendi ile kona kali.

Wakati wa kufunga, vuta uzi mpaka kigingi chake, ongeza urefu wa kutosha mizunguko miwili au mitatu, kisha kunja kona kali hapo kwanza, ndipo ukate mbele ya kona. Ukikata flati bila kuikunja, utepe unaweza kulegea na kuzunguka wote, na pesa zako zimekwenda. Siku ya pili bonyeza freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, utazame nafasi chini ya uzi karibu na freti ya 7. Unene wa kadi ya biashara unatosha. Nafasi ikiwa kubwa, shingo imevutwa mbele: kaza chuma kilicho ndani ya shingo robo mzunguko, usubiri mpaka kesho kabla ya kuongeza. Nyuzi zikigonga freti, legeza kwa kiasi hichohicho. Halafu pangusa kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, hasa usiku wa arusi za uwanjani, na usizichemshe kama watu wanavyochemsha raundi. Ukali unaorudishwa na maji ya moto ndio tulioukimbia, na zile nyeusi za nailoni zitaharibika kabisa.