Kagua Kitabu cha Mitumba Kabla Mtihani Haujakukuta

Nikiwa mwaka wa pili nilinunua kitabu cha uhasibu kwenye kibanda kimoja mjini Kisumu, shilingi 600. Jalada lilikuwa safi, nikakibeba hadi chumbani kwangu Kondele nikijiona nimepata. Jumamosi usiku, mtihani ukiwa Jumatatu asubuhi, nikageuza ukurasa wa 210 nikatua kwenye 227. Sura nzima ya mtiririko wa fedha haikuwepo. Nililia, kisha nikapiga simu hadi saa sita nikitafuta mtu wa kuniazima.

Baadaye fundi wa kujalidi vitabu alinieleza: karatasi za kitabu hukunjwa mafungu mafungu, mara nyingi kurasa 16 kila fungu, halafu mafungu hayo hushonwa au hugundishwa pamoja. Fungu likichomoka lote, kwa nje huoni kitu. Kwa hiyo usinunue kwa kutazama jalada. Fungua orodha ya yaliyomo, chukua kila sura iliyo kwenye mpango wa somo lako, uende ukurasa wake na uhesabu namba mpaka mwisho wa sura. Kisha fungua katikati na utazame mgongoni: gundi iliyokauka ikapasuka, au uzi unaoning'inia, ni dalili kwamba kuna kitu kimetoka. Muuzaji akikuharakisha, mrudishie kitabu chake.

Jambo la pili ni toleo, na hapa wengi huogopa bure au hujiamini bure. Debiti na krediti ni zilezile alizoziandika mtawa wa Kiitaliano Luca Pacioli katika kitabu kilichochapishwa Venice mwaka 1494, kwa hiyo kitabu cha zamani kitakufundisha leja (daftari la hesabu) na urari (jedwali la kulinganisha debiti na krediti) vizuri kabisa. Lakini kikiwa kimechapishwa mwaka 2014, sura ya ukodishaji itakufundisha IAS 17, kanuni ya kimataifa ya uhasibu ambayo nafasi yake ilichukuliwa na kanuni mpya, IFRS 16, kuanzia Januari 1, 2019. Siku hizi mkodishaji anayetumia mali huandika vitabuni haki ya kuitumia iwe mali yake, na deni la kodi liwe dhima, isipokuwa kwa ukodishaji wa miezi 12 au chini, au wa vitu vya thamani ndogo. Mishahara nayo ni hivyohivyo: kitabu kinachokata NHIF, bima ya afya ya zamani ya Kenya, kimepitwa, kwa sababu tangu Oktoba 2024 tunakata asilimia 2.75 ya mshahara ghafi kwa ajili ya SHIF, mfuko wa bima ya afya ulioichukulia nafasi. Mimi huandika kwa penseli juu ya sura kama hizo neno moja, "imebadilika", kisha naziba pengo kwa noti za mwalimu.

Kitabu kipya kikikushinda, changeni. Sisi tulikuwa wanne, tukanunua kimoja. Tulikuwa na daftari la zamu lenye jina, siku na saa ya kukirudisha, na sharti moja tu: asiyekirudisha saa moja jioni anakosa zamu inayofuata. Lilionekana kali, lakini ndilo lililotuweka marafiki mpaka mwisho wa muhula. Wiki mbili za mwisho hakuna aliyekibeba nyumbani. Kilikaa mezani kwetu maktaba, tukawa tunakisoma pamoja.

Mitihani iliyopita itafute mapema, kuanzia wiki ya nane hivi. Usikariri majibu yake. Kaa na saa, ujibu swali moja la hesabu kwa dakika ambazo alama zake zinastahili: mtihani wa saa mbili wenye alama 70 unakupa chini kidogo ya dakika mbili kwa kila alama. Mara ya kwanza nilitumia dakika 50 kwenye swali la alama 20. Ndipo nilipojua kwamba somo nilikuwa nalifahamu, kasi ndiyo iliyokuwa ikiniangusha.

Kadi ya mtihani ichapishe angalau wiki moja kabla, kwa sababu siku ya mwisho foleni ya saiba, duka la intaneti na uchapishaji, hufika barabarani na stima nayo hupotea. Angalia kila somo limeandikwa humo. Likikosekana, nenda idarani siku hiyohiyo na risiti ya karo mkononi, wala usikubali kuambiwa urudi kesho bila kuandikiwa jina la afisa wa kumwona.

Kile kitabu cha shilingi 600 bado ninacho. Niliandika kwa mkono kurasa zote 16 kutoka kwenye nakala ya maktaba, nikazibandika palepale kati ya 210 na 227, na mwaka huu kinatumiwa na mdogo wangu.