Namna ya kuusoma uaminifu kwenye Odyssey na Iliad

Watu wengi wakianza kusoma Odyssey na Iliad, tenzi za Homer mshairi wa Ugiriki ya kale, wanatafuta mahali pameandikwa fulani alikuwa mwaminifu, hawapaoni, wanachoka. Homer anaonyesha uaminifu kwa vitu, kwahiyo shika kitu kimoja ukifuate, iwe sanda, mbwa au kitanda.

Anza na Odyssey, ndo rahisi zaidi. Odysseus, mfalme wa kisiwa cha Ithaca, hayupo kwake miaka 20, kumi vitani kwenye mji wa Troy, kumi njiani kurudi, na nyumbani kwake wamejazana wanaume 108 wanakula mifugo yake na kumtaka mkewe. Penelope anawaambia ngojeni kwanza nifume sanda ya baba mkwe wangu Laertes, mchana anafuma, usiku anawasha mienge anafumua, akaenda hivyo miaka 3 mpaka wajakazi wakamchongea.

Afu nenda kitabu cha 17, yani sehemu ya 17 ya utenzi huo, na usikisome haraka. Argos, mbwa wa Odysseus, amelala nje juu ya rundo la samadi, amejaa kupe, bwana wake karudi kwa siri na anapita kwa sura ya ombaomba na mbwa anamjua, anatikisa mkia, analaza masikio, nguvu ya kumsogelea hana. Odysseus anafuta chozi kwa kujificha ili Eumaeus mchunga nguruwe asione, na Argos anakufa palepale. Sasa rudi kitabu cha 14 umwangalie huyo Eumaeus, maana yeye hajamtambua bwana wake kabisa, ila usiku wa baridi kamchinjia nguruwe na kumfunika joho lake la akiba mtu anayemwona ni maskini tu wa kupita. Mimi huyu namweka juu kuliko wote.

Ukishazoea, kila ukikuta uaminifu uliza unadaiwa kwa nani na nani anaulipia. Kitabu cha 22 wajakazi 12 wananyongwa kwa kulala na wale wanaume, na hao walikuwa watumwa, wakati Odysseus mwenyewe njiani kakaa na miungu wa kike, kwa Circe mwaka mzima na kwa Calypso miaka 7 na hakuna anayemhukumu. Usiiruke hiyo hata kama inauma. Lakini pia kumbuka Calypso alimpa nafasi ya kuishi milele naye akaikataa ili arudi kwa mke ambaye anakiri kabisa hamfikii Calypso kwa uzuri.

Kwenye Iliad swali hilohilo linakuwa gumu zaidi, kwasababu kwenye vita hivyo vya Troy Achilles, shujaa mkuu wa Wagiriki, anawaacha wenzake wafe kisa mkuu wao Agamemnon kamnyang'anya Briseis, mwanamke aliyemteka, halafu kifo cha rafiki yake Patroclus, aliyeuawa na Hector wa Troy, kinamrudisha vitani wakati mama yake keshamwambia Hector akifa na yeye zamu yake imefika. Yani mtu huyohuyo kawatupa wote na kakubali kufa kwa ajili ya mmoja.

Kitanda kiweke mwisho, kitabu cha 23 cha Odyssey. Wale wanaume wameshauawa, Odysseus kaoga, kakaa mbele ya mkewe na mkewe bado hamwamini, anamwambia yaya Eurycleia akitoe kitanda nje ya chumba. Odysseus anawaka kwa hasira, nani kakihamisha, kile nilikijenga mwenyewe na mguu wake ni shina la mzaituni lenye mizizi ardhini! Siri hiyo nje ya wao wawili anaijua mjakazi mmoja tu. Hapo ndo magoti ya Penelope yanalegea, anamkimbilia analia.